Nati ya Nyuma

Nianze kwa kusema wazi, nisije nikaonekana mnafiki: mwanamke yule simpendi. Sikumpenda siku ile alipoingia karakanani na ovaroli iliyopigwa pasi mpaka ikaota mstari mguuni, na simpendi leo, wakati yeye yuko mbali na mimi ndiye ninayekaa kwenye mashine. Wenzangu wa jumuiya wananiambia nimsamehe. Nimsamehe nini? Hajanikosea kitu hata kimoja, na hilo ndilo linaloniuma.

Kabla yake, Mbinga mjini kulikuwa na mkerezaji mmoja tu mwanamke, na huyo ni mimi. Mgeni akiulizia karakana yetu alielekezwa hivi: nenda mpaka pale yule mama anapokata vyuma. Wanawake waliotoka sokoni na vitunguu vyao walisimama mlangoni kunitazama nikikereza shafti, nyuzinyuzi za chuma zikijikunja na kuanguka miguuni pangu. Mimi nilijifanya siwaoni. Kumbe nawaona wote, mpaka maua ya kanga zao! Sijawahi kuitubu raha ile, na padre hajaniuliza.

Mimi ni mtu wa chini, wa ziwani, mzaliwa wa Lipingo. Nilipanda huku juu nikiwa binti, kuja kufanya kibarua cha kuchuma kahawa. Kahawa ilipoisha nikabaki kuwapikia mafundi. Karakana ilikuwa ya mzee mmoja wa Maguu, Mmatengo, mtu wa maneno machache na vidole vifupi vinene. Sote tulimwita Mzee tu. Alikuwa na leth moja ya zamani, mashine ya kukereza vyuma, nzito kama kaburi la askofu, na aliipenda kuliko alivyopenda kusema. Alikuwa akituambia kwamba macho yakimchosha atarudi Maguu kwenye kahawa yake, na mashine atamwachia mtu mmoja. Hakusema nani. Mimi nilijua ni mimi. Nani mwingine? Wenzangu wawili walikuwa wachomeleaji, watu wa moto na moshi, leth hawaijui hata inawashiwa wapi.

Sasa sikilizeni habari ya sahani, maana bila sahani hamtanielewa. Mzee alileta karakanani desturi ya kwao milimani, ile ya watu wa ukoo kula pamoja na kuamua mambo wangali na tonge mkononi. Kila mchana ilitengwa sahani moja kubwa ya bati, ugali na maharage, mafundi wakaizunguka. Kazi iliyomshinda mtu aliileta pale. Na sheria zilikuwa mbili. Neno lililosemwa kwenye sahani ni la sahani. Huwezi kesho yake kujipiga kifua kwamba wazo lile ni lako. Na anayetaja kasoro ya kazi ya mwenzake ndiye anayekabidhiwa kuirekebisha. Ndiyo maana watu walitafuna sana kabla ya kusema.

Sahani ile niliipika miaka mingi nikiwa nje ya duara. Naitenga, nawanawisha mikono, naondoka, nakaa jikoni kwangu nyuma ya bati nasikiliza. Kukereza nilijifunza kwa masikio kwanza, mikono ilifuata baadaye, Mzee akiniachia vipande vibovu nijaribie. Siku aliponionyesha nafasi kwa kidevu na kusema, "Kaa," nilikaa, nikamega ugali nilioupika mwenyewe, na machozi yakanidondokea kwenye maharage. Wachomeleaji walisogea kidogo tu.

Na yeye? Yeye alikaa siku ya kwanza.

Alikuwa mke wa bwana shamba. Mume alikuwa amehamishiwa wilayani kwetu kutoka Tanga, naye akamfuata na cheti chake cha ufundi na miwani yake mwenyewe ya kukingia macho, kwenye mkoba uliofungwa ndani ya kanga. Kanga imeandikwa: Hasidi hana sababu. Nikasema moyoni, ala, huyu kaja amejiandaa! Baadaye niliambiwa alipewa na mama mkwe wake siku ya harusi, lakini wakati huo nilikuwa nimeshaumia.

"Hodi. Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Karibu chakula."

"Ahsante Mzee, nimefunga. Ila nitakaa nanyi."

Akakaa! Alikunja ovaroli yake, akajipenyeza kati yangu na Mzee kama aliyezaliwa pale. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, mvua bado zinanyesha, na mimi nilikuwa na tonge mdomoni ambalo halikutaka kushuka. Na Kiswahili chake, jamani! Mimi Kiswahili nilikutana nacho shuleni, nyumbani tunaongea Kinyasa, mpaka leo kuna maneno nayakanyaga. Yeye anaongea kama redio. Mzee, ambaye mimi nimemjua miaka yote hiyo akicheka kwa pua tu, siku ile alicheka meno nje. Nikaona donge.

Mgeni njoo mwenyeji apone, wachomeleaji waliniambia. Nilikuwa mzima wa afya mpaka alipokuja yeye.

Mambo yalianza na mashine ya kumenyea kahawa. Kikundi cha wakulima wa Mbuji kilileta ya kwao irekebishwe kabla ya msimu, aina mpya, bolti zake zimezama ndani kabisa ya fremu. Nyuzi za matundu mawili zilikuwa zimekwisha, bolti zinazunguka bila kushika. Dawa yake ni kutoboa tundu kubwa kidogo na kuchonga nyuzi mpya kwa tapu. Tapu ni kipande cha chuma kigumu chenye meno yanayozunguka kama bolti. Unaizungusha ndani ya tundu, inakata huku inaingia. Ni ngumu lakini dhaifu kama biskuti. Ikiinama kidogo, inakatikia humo humo, na kuitoa ni msiba.

Kuchonga nyuzi ilikuwa kazi yangu. Unaishika tapu kwa mkono wake, ile fimbo yenye tundu la mraba katikati, unasukuma nusu mzunguko, unarudi robo, unasukuma tena. Tapu inayotaka kukatika hulalamika kwanza, na mimi nilikuwa naisikia kwenye viganja. Mzee mwenyewe alikuwa akinipisha. "Mpeni mama, ana mkono," alikuwa akisema. Neno hilo nililihifadhi kama watu wanavyohifadhi nguo ya Pasaka.

Ila kwenye mashine ile ya Mbuji fimbo haikuweza kuzunguka. Kila ukigeuza unagonga fremu. Wachomeleaji wakaichomelea tapu nyingine kwenye bomba refu ili tuizungushe tukiwa nje. Bomba likayumba, tapu ikakatika kabla haijamaliza mzunguko wa kwanza. Bahati nzuri ilivunjikia mdomoni mwa tundu, tukaing'oa kwa koleo. Mzee akasema tuilete kazi hii kwenye sahani.

Ndipo mke wa bwana shamba, aliyefunga, asiyekula, akatoa chaki mfukoni na kuanza kuchora sakafuni kando ya ugali wetu. Alichora kishikio. Fimbo ndefu ya chuma, nyembamba, ipenye kwenye fremu. Mwishoni tundu, chini ya tundu kipande chenye shimo la mraba la kupokea mkia wa tapu, isizunguke. Juu yake bushi, kibomba kifupi cha chuma, iliyopasuliwa pande nne kwa msumeno, iliyochongoka kwa nje. Halafu nati mdomoni: ukiikaza inaisukuma bushi ndani, bushi inajibana, inaikumbatia tapu shingoni pande zote kwa pamoja, isiyumbe. Nyuma ya fimbo unaweka spana, unazungusha ukiwa umesimama nje.

Nikaangalia mchoro ule. Ulikuwa mzuri. Mbaya zaidi, nilielewa mara moja maana yake: kishikio kile kikifanya kazi, mtu yeyote mwenye spana atachonga nyuzi. Mkono wangu utakuwa wa nini tena?

Nikasema, "Mzee, asiyekula hasemi. Sahani ni ya walaji."

Mzee alimeza kwanza. "Sahani ni mahali, mwanangu. Si ugali."

Hapo hasira zikanipanda mpaka masikioni. Nikainamia mchoro nikitafuta kasoro kama mtu anavyotafuta chawa, na nikaipata! "Haya," nikasema, tena kwa sauti, "kuingia kitaingia. Na kutoka je? Ukikirudisha nyuma tapu imebanwa na uchafu, hiyo nati yako inageuzwa upande wa kufunguka. Italegea. Bushi itaachia. Kishikio kitatoka, tapu itabaki ndani ya mashine ya watu. Tuwaambie nini watu wa Mbuji, kwamba tulikuwa na mchoro mzuri?"

Wachomeleaji wakaguna. Nilijisikia vizuri, sifichi. Nilimega tonge kubwa. Yeye akatazama mchoro wake muda, akageuza mkono hewani kulia, akageuza kushoto, kisha akaniangalia usoni.

"Dada, ni kweli. Hilo sikuliona. Sasa tufanyeje?"

Tufanyeje! Nani kamwambia sisi ni wawili? Ningenyamaza hapo ningekuwa mtu mwenye akili. Lakini mdomo wangu tangu utoto hauna mlango, na kingine, jibu nilikuwa nalo, na jibu likikujia ni vigumu kulimeza. Nikasema kwa dharau, "Unaweka nati ya pili nyuma yake, nyembamba. Unazikaza zibanane zenyewe kwa zenyewe, hakuna itakayogeuka. Kama kwenye ekseli ya baiskeli. Hata watoto wanajua."

Mzee akapangusa vidole. "Basi utaikata wewe hiyo nati."

Ndiyo sheria, na mimi nilikuwa nimeipika sheria ile kwa miaka. Kwa hiyo tukawa tunatengeneza kishikio cha mke wa bwana shamba, yeye kwenye jiliwa la kubania vyuma na mimi kwenye leth. Nilimtazama kwa jicho la pembeni. Shimo la mraba alilitengeneza kwa tupa ndogo. Alipaka masizi kwenye mkia wa tapu, akauingiza, akautoa, akatazama penye weusi ndipo panapogusa, akapapiga tupa mara moja, akapaka tena. Wakati wa adhuhuri aliweka tupa chini, akaenda kuswali nyuma ya stoo, akarudi, akaendelea palepale. Hakuharakisha. Nilisubiri akosee, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Mzee alikuwa akimsifu kutwa. Hakukosea. Pembe za shimo lile zilitoka kali, mkia ukaingia na kukaa kimya.

Mtu atauliza, kwa nini sikuiharibu ile nati? Nilifikiria. Nilisimama kwenye mashine nikafikiria kweli. Lakini mkono wangu haujui kuharibu, ungejua, ningeutumia. Niliikata nyuzi zake taratibu, nikaipima, nikaikata tena unywele mmoja. Ikawa inaingia kwa vidole viwili ikiwa na tone la oili, na haichezi hata ukiitikisa karibu na sikio. Nikaisugua msasa mpaka ikang'aa. Kisha tukaipachika nyuma ya nati ya mbele, tukapaka grisi, na haikuonekana tena.

Kwenye mashine ya Mbuji kishikio kiliingia, kikachonga, kikarudi, kikatoka na tapu yake mzimamzima. Mara ya pili vilevile. Wakulima wakapiga makofi. Msimu ulipokaribia mashine nyingi zaidi zikaja, na jina likaenea: kishikio cha mke wa bwana shamba. Watu walikuja hata bila kazi, kukishika tu. Mtu anakigeuza, anaigusa nati ya mbele, anasema, "Akili hii!" Mimi nipo palepale nikifagia chembe za chuma. Nani atauliza habari ya nati ya nyuma? Na mimi nitasemaje? La sahani ni la sahani. Kijiba cha roho kikanikaa hapa, kwenye mbavu, kikawa kinalala na mimi na kuamka na mimi.

Lililonimaliza lilikuwa la Lipingo.

Mashine ya kusaga ya kijijini kwetu iliharibika. Bolti zinazoshika beringi ya shafti zilikuwa zimekula nyuzi, na bodi yake ni chuma cha kuyeyushwa, kizito, hakuna wa kukipandisha mlima. Wanawake walikuwa wanabeba mahindi kichwani kwenda kijiji cha mbali, mama yangu mzazi akiwemo na goti lake bovu. Nikamwambia Mzee, "Nipe ruhusa niende, ni kwetu." Akasema, "Nendeni." Nikarudia, "Niende, Mzee." Akarudia, "Nendeni."

Tukashuka naye yule mwanamke. Ile barabara ya kuteremka ziwani inakunjakunja, na kila kona ziwa linapoonekana yeye anasema, "Mashaallah, dada, kwenu kuzuri!" Ninyamaze? Nikasema, "Kawaida." Nilikuwa nimebeba fimbo yangu ya tapu kwenye mfuko, ile ya zamani. Nilikuwa na yangu moyoni. Leo watu wa kwetu wataniona.

Walijaa kweli. Wanawake na ndoo zao za mahindi, na mama mbele kabisa, kavaa gauni la kanisani. Nikaanza mimi. Nikapachika tapu kwenye fimbo yangu, nikaisimamisha, nikasikiliza viganja, nikageuza. Robo mzunguko, fimbo ikagonga ukuta wa bodi. Nikageuza nikiwa nimepinda mgongo, ikagonga puli. Nikajaribu kutoka chini, nimelala kwenye pumba. Inagonga. Mama mmoja akauliza nyuma yangu, kwa Kinyasa, kama fundi ni mimi au ni yule mwenye miwani.

Mke wa bwana shamba akachuchumaa kando yangu. Akanong'ona, watu wasisikie, "Dada, chukua kishikio. Fanya wewe, mimi nitakushikia taa ya simu."

Alitaka kunipa. Nataka mjue hilo, maana mimi mwenyewe nimelitafuna sana. Alikuwa amekinyoosha kuelekea kwangu, mkia mbele, kama unavyompa mtu kisu. Na mimi nikasema, "Kazi ni yako. Fanya wewe." Sikuweza. Kushika kitu chake mbele ya mama yangu, nishangiliwe kwa kitu chake? Heri nilale kwenye pumba.

Akafanya yeye. Kikazama, kikauma, kikarudi, kikatoka. Beringi ikafungwa, mashine ikawashwa, unga wa kwanza ukatoka na vigelegele vikapigwa. Mama yangu alimshika mikono yote miwili, naye akapiga goti, "Shikamoo mama," na mama akaitikia "Marahaba mwanangu" kwa sauti ambayo mimi nimeisikia mara chache. Jioni alimpa samaki, mbasa mzima, mkubwa, wa kupanda naye Mbinga. Mimi nilipewa dagaa.

"Kwa nini hukuniambia una mwenzako wa namna hii?" mama akaniuliza pembeni. "Ana akili, na ana adabu."

"Mama, kile kishikio nati yake ya nyuma nimeikata mimi. Bila ile nati kisingetoka."

"Nati gani?"

Nikakichukua, nikamwonyesha. Grisi imejaa, pumba zimegandia juu ya grisi. Mama akachungulia, akasema, "Haya mwanangu, vizuri," kama anayemwambia mtoto aliyechora ng'ombe. Nilikula dagaa wangu nikiwa mbali kimawazo, na yeye kesho yake, tulipofika Mbinga, akamkata mbasa katikati na kuniletea nusu yenye kichwa. Nilimpokea. Alikuwa mtamu, nikakasirika zaidi.

Baada ya msimu Mzee alisema kwenye sahani kwamba macho yamechoka. Alisema hivyo tu, kama anayeomba chumvi. Sote tukaacha kutafuna. Nikajifuta mikono kwenye gauni, sijui kwa nini, labda niwe safi.

"Mashine," akasema Mzee, "nitamwachia huyu." Na tonge lake likaelekea kwa mke wa bwana shamba.

Nilisikia bati la paa likipasuka kwa jua, tap, tap. Kisha nikasikia sauti yake, ile ya redio, lakini ndogo.

"Mzee, umeniheshimu sana. Ila bwana ameletewa uhamisho. Tunaondoka mwisho wa mwezi."

Mzee akalitia tonge mdomoni. Akatafuna. Akameza. Akanigeukia.

"Basi wewe."

Basi wewe! Maneno mawili. Miaka yangu yote ya jikoni na ya leth, masikio yangu, mkono wangu, imekuja kuwa "basi wewe", kama makoko ya ugali yanavyokwenda kwa aliyebaki. Nilitaka kusimama niondoke. Nilitaka kumwambia Mzee ampelekee mashine huko huko anakohamia. Nikasema, "Ahsante Mzee," nikapiga goti, kwa sababu nilikuwa naitaka mashine ile, na aliyeshiba ndiye anayekataa makoko.

Siku yake ya mwisho alikileta kishikio kwenye sahani, kimefutwa, kimefungwa kwenye ile kanga yake ya hasidi. Akaomba ruhusa aondoke nacho. Alisema kule aendako hajui kama atapata leth ya kutengenezea kingine. Wachomeleaji wakasema apewe, ni halali yake. Mzee akaniangalia mimi. "Nusu ni neno lako," akasema. "Sema."

Nilikuwa naweza kusema kiende. Kingeenda, watu wangekisahau, na Mbinga ingebaki na mimi na mkono wangu. Yeyote mwenye akili timamu angesema kiende. Lakini nilikiona kule ugenini, mikononi mwake, watu wapya wakikigeuza na kusema akili hii, akili hii.

"Kibaki," nikasema. "La sahani ni la sahani."

Akaitikia kwa kichwa. "Kweli, dada." Akakifungua kwenye kanga, akakiweka kando ya ugali, na kanga akaikunja akaondoka nayo.

Ndiyo hivyo. Mzee yuko Maguu anapalilia. Mimi ndiye mwenye mashine, ndiye ninayeketi pale Mzee alipoketi, na mtu mwingine ananipikia. Na kila mteja wa mashine ya kahawa anaingia na neno moja: "Kile kishikio cha yule mama kipo?" Kipo. Nakitumia mimi, kila siku. Kila nikikirudisha nyuma, moyoni nakiombea kiteleze, mara moja tu, niweze kuwaambia watu mmeona? Hakitelezi. Naijua sababu yake, nimeikata mwenyewe kwa vidole hivi.

Mwezi uliopita simu iliita nikiwa nakereza. Namba ngeni. Nikazima mashine.

"Dada! Ni mimi. Habari za Mbinga? Mama wa Lipingo hajambo? Goti lake?"

Nikasema hajambo.

"Dada, nimepata karakana huku. Nimetengeneza kishikio kingine. Mbele kimekaa vizuri, lakini nati ya nyuma inanishinda. Nimeikata, nikaikata tena, ukirudisha nyuma inaachia. Nimewaambia hapa, yupo dada yangu Mbinga, yeye ndiye anayeijua. Niambie, uliikataje?"

Nilisimama na simu sikioni. Wachomeleaji walikuwa wameacha kazi wananitazama. Ninyi hamjui nimelisubiri swali lile muda gani. Tangu niko jikoni nyuma ya bati nalisubiri, mtu mmoja aseme, mbele ya watu, wewe ndiye unayeijua. Na amesema nani? Amesema yeye. Yeye! Kwa sauti ileile. Nilikuwa na jibu lote tayari mdomoni, unywele ule mmoja, lile tone la oili, kuisikiliza sikioni.

"Mtandao," nikasema. "Dada, mtandao! Sikusikii. Halo? Halo?"

Nikakata.

Nikaiweka simu juu ya leth, kwenye trei ya vifaa, kioo kikitazama juu, ili akipiga tena nisikie hata mashine ikiwa inaunguruma. Sikuwasha mashine. Nilifagia. Nilipanga tupa. Wachomeleaji waliniita kula nikasema tangulieni. Mtu mwenye shida kweli hupiga mara ya pili, hiyo dunia nzima inajua, na mimi mara ya pili ningemwambia, wallahi ningemwambia, nilikuwa nataka tu apige mara ya pili.

Hakupiga. Ana adabu mno yule mwanamke, ameamini ni mtandao, ama hakuamini. Simu naiweka palepale kwenye trei mpaka leo, na chembe za chuma zimeshaikwaruza kioo.